Aladåb ya Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Rafiki yangu, mwalimu wetu alipoiweka ile sahani mezani nilipiga ukelele ambao nina hakika ulisikika mpaka Hässelby, upande wa pili wa jiji. Tulikuwa tunaagana. Tumemaliza shule ya jioni, sisi wanafunzi wenye mvi na magoti mabovu, kila mmoja kaleta chakula cha kwao, na mwalimu naye kaleta cha kwao: aladåb. Ni jeli ya chumvi, siyo ya sukari, imemwagwa kwenye chombo cha duara ikaganda, inang'aa kama kioo cha dirisha, na ndani yake mayai, vipande vya samaki na kamba wekundu wametulia kama wanapigwa picha.

Vijana wawili wa Kiswidi wakachungulia mlangoni wakauliza hicho ni kitu gani. Waswidi wenyewe! Mimi nikiwa mdogo niliamini nchi hii yote imesimama juu ya jeli hiyo, leo watoto wake hawaijui hata kwa jina.

Mwalimu, ambaye hata kwenye sherehe haachi kufundisha, akaanza kulichambua neno. Kwingine, alisema, jeli kama hii huitwa aspik, na kwa Kifaransa hilo pia ni jina la nyoka. Wengine hudhani ni kwa sababu ya ubaridi wake, wengine kwa sababu ya rangi zake. Hakuna mwenye uhakika. Mama mmoja Mkongo tuliyesoma naye akasogeza kiti nyuma. "Ni kweli, ni nyoka ile," akasema. "Basi miye sigusi."

Tulicheka. Lakini kubwa lilikuwa bado. Aladåb, mwalimu akaendelea, nalo limetoka kwa Wafaransa, na zamani lilitaja nyama iliyopikwa polepole, kwa saa nyingi, ndani ya chungu kilichofunikwa. Chakula cha moto, rafiki yangu! Cha moto! Nikatafuta kiti. Karibu miaka arobaini nilikuwa nimebeba aibu juu ya chakula hicho, na aibu yenyewe ilikuwa hii ninayokusimulia.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa kitongoji cha Alby, kwenye yale majengo marefu ambayo mimi nilidhani yanagusa mawingu. Baba na mama walikuwa kazini tangu asubuhi. Nyumbani tulibaki mimi na Bibi, mama yake baba, aliyeletwa kutoka Njombe kuja kunilea. Bibi alikuwa mtu wa maneno mengi aliyetua katika nchi ya watu kimya. Alisalimia kwenye lifti, hakuitikiwa. Alisalimia kwenye ngazi, watu wakaongeza mwendo. Kila jioni alikuwa akisema, "Bora nirudi kwetu nikaongee na kuku wangu, wananijibu." Na mimi kila jioni nilikuwa nalala na hofu moja tu, kwamba nitaamka nimkute amekwenda.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimwitikia: bibi wa Kiswidi wa ghorofa ya tatu, mjane, mwenye nywele nyeupe kama unga wa sembe. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja. Mkalimani nilikuwa mimi. Nilisimama katikati yao kwenye korido, nikageuza kichwa huku na huku mpaka shingo inauma, wakizungumzia miguu yao na waume zao waliokufa.

Basi Jumamosi moja kabla ya Pasaka mlango ukagongwa. Jirani kasimama na aladåb yake, kavaa bluzi ya kanisani. Alinieleza kwamba marehemu mumewe alikuwa akiipenda kuliko kitu chochote, kwamba aliianza tangu juzi, kisha akainua kidole: "Mwambie farmor," yaani bibi mzaa baba, "aiweke kwenye friji. Huliwa baridi hivyo hivyo."

Nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa anaitazama jeli.

Lazima uelewe, Njombe ni baridi. Mchuzi wa makongoro ukilala jikoni, asubuhi unakuta umeganda, kijiko kinasimama chenyewe. Kabla sijaletwa huku, watoto tulikuwa tukiudonoa kwa vidole, Bibi anatukimbiza na mwiko, halafu anaurudisha motoni. Kwake yeye, mchuzi ulioganda ulikuwa na jina moja duniani: kiporo. Na kumpelekea jirani kiporo, tena cha baridi, ilikuwa ni kumwambia kwamba yeye ni sawa na mbwa wa pale nyumbani.

Ningesemaje? Ningemwambia "amesema ule baridi," urafiki ungefia pale pale mlangoni, na kesho yake Bibi angekuwa ndani ya ndege. Nikasema, "Amesema karibu chakula."

"Mwambie Mungu ambariki," Bibi akasema. Mlango ulipofungwa akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini, mchuzi wake wote umeganda. Mtu mzima, hana hata wa kumpashia."

Akampashia. Alikaanga kitunguu na nyanya, akatia pilipili, akaimimina aladåb yote ndani ya sufuria. Mimi nilisimama pale nikiona kazi ya siku mbili inayeyuka, mayai yanaelea, kamba wanazunguka kama wanatafuta njia ya kutokea. Harufu ilijaa jengo zima. Halafu, huku akipakua ugali mkubwa kama kilima, Bibi akatamka maneno yaliyonigandisha mimi: "Nenda kamwite. Hatuwezi kula chakula chake bila yeye."

Jirani alikuja anatabasamu. Akakaa. Akatazama bakuli lake. Rafiki yangu, mimi nimeshuhudia watu wakishtuka, lakini yule mama aliacha kupumua. Alimtambua kamba mmoja, nadhani. Kisha akasema "Jaha," neno la Waswidi la wakati ambapo hakuna la kusema. Alikula vijiko vitatu, machozi yakimtoka kwa pilipili au kwa kingine, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka.

Wiki nzima hakugonga mlango. Bibi alikaa dirishani. "Nimemkosea nini?" aliniuliza Jumatatu. Jumatano hakuuliza tena. Ijumaa nilimkuta amelitoa begi lake juu ya kabati, anakung'uta vumbi.

Nikalia mpaka majirani wa jengo la pili walijua. Nikamwambia kila kitu.

Bibi akaliweka begi chini taratibu. "Mke mwenzangu," akaniambia, kama alivyokuwa akiniita siku zote, "wewe uliona nitamkasirikia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi ningemcheka tu. Ningemcheka mpaka kesho, halafu ningekula. Sasa umenifanya nimharibie mwenzangu chakula cha mumewe." Akakichukua chombo cha jirani. "Na chombo chake hakirudi kitupu. Vaa viatu."

Tulinunua kwato za ng'ombe. Alizichemsha kutwa nzima, akachuja mchuzi kwa kitambaa safi, akapanga nyama na mayai ndani ya kile chombo cha duara, akakiweka kibarazani kwenye baridi. Mchuzi ukaganda vizuri, ukawa na sura. Tukaupeleka ghorofa ya tatu. Safari hii nilitafsiri kila neno, hata lile la kiporo. Jirani alipokea kwa mikono miwili, akasema twende kesho saa saba, tule pamoja.

Kesho yake tukaenda. Bibi alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kupigwa sindano: atakula baridi, hata iweje. Jirani akatoka jikoni na bakuli la kaure lenye mfuniko. Akafunua. Mvuke ukatupiga usoni.

Ameipasha moto! Kwa heshima yetu!

"Mama yangu wee!" Bibi akashika kichwa. "Mwambie nilimgandishia makusudi!" Nikamwambia. Jirani naye akashika kichwa. Kisha wakaanza kucheka, wale wazee wawili, wameshikana mikono juu ya meza, wanacheka hadi mchuzi ukapoa tena. Begi likarudi juu ya kabati, likakaa huko miaka kumi na moja.

Sasa wote wawili wamelala makaburini, mmoja Njombe, mmoja hapa. Mimi nakaa Bredäng, na jirani wa mlango wa pili namjua kwa viatu vyake tu. Baada ya ile sherehe nilinunua kwato, nikachemsha kutwa, nikagandisha. Niliitoa kwenye friji ikitikisika, nikaiweka mbele ya wanangu. Mkubwa akaizunguka, akaniuliza kwa Kiswidi: hii inaliwa moto au baridi?

Nikafungua mdomo, nikageuza kichwa huku na huku kama zamani kule koridoni. Hapakuwa na wa kumuuliza.