Mchunga wa Bi Mwanasha

Bi Mwanasha alizaliwa Kinondo, katika shamba ambalo mtoto akitumwa upande wa pili alirudi jua limeshapanda. Leo shamba hilo lina nyumba za wageni na bwawa la kuogelea, naye, kwa miaka yake sabini na minne, amepanga chumba Ukunda. Alipogawiwa kipande cha hatua sita kwa nne katika bustani ya jamii, aliambiwa ana bahati. Akashukuru.

Kwanza walifundishwa. Mwalimu wa bustani, binti aitwaye Gillian, alieleza kwamba mboga hujenga mwili, na kwamba watu wakilima pamoja huwa majirani. Bi Mwanasha alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayefundishwa kupumua. Enzi zake aliyekosa mboga alivuka ua akachuma kwa jirani, na hakuna aliyesimamisha kibao.

Wenzake walipanda sukuma. Yeye alikwenda Kinondo, akachimbua mizizi ya mchunga kando ya njia, akaja kuifukia kwenye kipande chake. Mchunga ni mboga chungu: huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, ndipo ukatiwa tui la nazi. Ndiyo mboga aliyolelewa nayo, na alitaka kuila mpaka afe.

Mwenyekiti alikuwa Justus, mtu wa bara, ambaye kwa miaka kumi hoteli moja ya Diani imemlipa ang'oe kila kilichoota bila ruhusa. Sheria yake ilikuwa moja: kipande chenye magugu hupewa mwingine.

"Shosho, hii shamba yako imekuwa msitu," alisema siku ya ukaguzi.

"Shikamoo ndiyo huanza, mwanangu."

"Shikamoo. Haya ni magugu."

"Marahaba. Hiyo ni mboga."

"Mboga gani? Mimi hii kitu naing'oa kila siku kule hoteli."

"Ndiyo maana wageni wenu hawashibi."

Watu walicheka. Justus hakucheka, alikuwa ameshika daftari.

Jumamosi iliyofuata kipande kilipewa Philister, karani wa mapokezi. Mchunga uling'olewa, na mizizi ikakatwakatwa kwa majembe ili ioze upesi katika shimo la mboji. Bi Mwanasha alisimama akitazama. Alijua kwamba mzizi wa mchunga ukiukata vipande kumi umepanda michunga kumi. Lakini walikuwa na mwalimu wao, na yeye hakuulizwa.

Mvua za masika zilipokaribia, mboji ikatandazwa kwenye vipande vyote thelathini. Kufika mwezi wa tano sukuma ilikuwa imemezwa. Walipalilia Jumamosi, Jumamosi ya pili mchunga ulikuwa umesimama tena, umenona kuliko wao.

Justus akaja chumbani kwake, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Tumeshindwa na yale magugu. Tunaomba uje utusaidie."

"Nikishayatoa niyaweke wapi?"

"Beba yote. Usituachie hata moja."

Tangu hapo kila asubuhi Bi Mwanasha huingia na kikapu chake, akapita kipande hadi kipande, thelathini vyote. Huchuma majani kwa kisu kidogo, na mizizi huiacha palepale ilipo. Kikapu hurudi kimejaa, na nazi ya tui huwa imeshakunwa.

"Asante, shosho," Justus humwambia akiwa mbali, akikimbilia zamu hotelini. "Sasa bustani inapendeza."

"Marahaba," hujibu Bi Mwanasha, ingawa hakuamkiwa.