Mstari wa pili kwenye fishi ya mwanangu niliandika namba yangu mwenyewe

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya, miaka nasoma nyuzi zenu bila hata kugonga like. Leo nimeamua kuandika. Kila kitu hapa ni kweli, pamoja na sehemu zinazonifanya nionekane mjinga. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mnisamehe na Kiswahili changu. Nimekulia Uvira, sasa naishi Kamembe huku Rusizi, Rwanda, mpakani na Bukavu ya Congo. Nikichanganya, mtanielewa tu.

Nina mtoto mmoja, Asifiwe, miaka saba, anasoma la pili. Baba yake alienda kwenye machimbo ya dhahabu, mwanzo alikuwa anapiga simu kila Jumapili, halafu mara moja moja, halafu basi. Nikahamia huku kwa sababu biashara ya kuvuka ni nzuri. Asubuhi navuka na nyanya na mayai kwenda Bukavu, jioni narudi. Bukavu nina wateja, sina ndugu hata wa dawa.

Na Kamembe pia sikuwa na mtu. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Si kwamba watu ni wabaya. Mimi ndiye nilifunga mlango. Uvira mume alipoondoka majirani walinisema mpaka nikachoka, walihesabu hata siku ambazo sijapika. Nilipofika huku nikajiapiza: salamu tu, basi.

Tena sisi wa huku tunaogopa sana sumu ya kutiliwa kwenye chakula. Anayejua anajua. Nilimfundisha Asifiwe tangu ana miaka minne: usile kwa watu, usinywe kwa watu, usiingie kwa watu. Alishika vizuri sana huyo mtoto. Nilijisifu.

Sasa Rwanda kuna kitu kinaitwa isibo. Ni nyumba kama kumi na tano hivi, zina kiongozi wao, anawajua wote, anawakumbusha kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi na mkutano wa wazazi wa jioni. Kiongozi wetu ni mama mmoja wa mlango wa pili, tunagawana ukuta. Nasikia hata akikohoa. Kila mwezi alikuwa anakuja kugonga kwangu. Mimi namjibu kwa dirisha: naumwa, nimechoka, mtoto analala. Miaka miwili.

Tuje kwenye shule.

Shule ya Asifiwe iko kando ya barabara kubwa, malori yanashuka pale utafikiri yanakimbizwa. Mwaka jana wazazi waliitwa, ikakubaliwa kwamba watoto wa la kwanza mpaka la tatu hawatoki getini peke yao. Kila mtoto ana fishi, karatasi ngumu yenye picha yake. Mstari wa kwanza unaandika anayemchukua. Mstari wa pili unaandika mtu mwingine, na namba yake, kama wa kwanza hayupo. Ambaye hayumo kwenye fishi hapewi mtoto, hata aje na machozi.

Mimi nilipiga makofi pamoja na wengine. Wazo zuri kabisa.

Halafu wakagawa kalamu.

Wakuu, mstari wa kwanza nilijaza haraka. Wa pili nikakaa nao. Mama wa kushoto kwangu alimaliza, wa kulia akamaliza, mmoja akauliza kama anaweza kuandika watatu. Mimi naangalia karatasi. Niliona aibu, nasema ukweli, aibu ya kuwasha masikio.

Sisi wa mpakani tunatembea na simu mbili, moja ya laini ya Rwanda, moja ya laini ya Congo. Mstari wa kwanza nilishaweka ya Rwanda. Basi wa pili nikaandika "Tantine Solange", nikaweka ya Congo. Hakuna aliyeshangaa. Nusu ya wazazi wa Kamembe wana mtu wa upande wa pili.

Na ilifanya kazi mwaka mzima! Nikichelewa, simu ya Rwanda iko nje ya mtandao, wanampigia Tantine. Mimi napokea, nabana pua kidogo, naongea taratibu: "Eh Madame, mama yake iko njiani, mumungojeshe." Tantine Solange alikuwa mpole kuliko mimi. Siku moja directrice, mkuu wa shule, akaniambia dada yangu ana adabu sana. Nikasema asante, nitamfikishia.

Mnaweza kucheka, hata mimi nilikuwa nacheka. Ila kuna jioni nilijikuta natamani kweli angekuwepo, huyo Solange. Nilijua angependa chai yenye tangawizi nyingi.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Nimemaliza mayai mapema, nikaanza kushuka kuelekea mpakani, nakutana na watu wanapanda. Wamama na beseni zao kichwani wanarudi Bukavu. Mpaka umefungwa, mpaka kesho asubuhi. Sababu sitaingia, hali ya huku mnaijua. Nilifika mpaka kwenye kamba. Kamembe naiona kwa macho, mabati yanang'aa, na sivuki.

Ilikuwa saa tisa. Shule inatoka saa kumi.

Saa kumi na dakika kidogo simu ya Congo ikalia, ni directrice.

"Allô, Tantine Solange? Mutoto wenu angali huku ku masomo. Simu ya mama yake haipiti, na tunasikia banafunga mpaka. Unaweza kuya kumuchukua?"

Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikabana pua. "Ndiyo Madame, niko nakuya."

Msiniulize kwa nini. Mdomo ulijibu kabla yangu. Nilikata simu.

Nikafungua majina kwenye simu nitafute mtu wa Kamembe wa kumtuma. Mteja Mayai Hoteli. Mteja Nyanya Soko. Fundi Simu. Moto wa Asubuhi, yule wa pikipiki. Mwenye Nyumba, ambaye anaishi Kigali. Nilishuka mpaka mwisho wa orodha, nikarudi juu, nikashuka tena. Hakuna jina hata moja la mtu ambaye ningeweza kumwambia: nenda kamchukue mwanangu. Nilikaa chini kwenye beseni langu nikalia mchana kweupe, watu wanapita.

Saa kumi na moja simu ikalia tena. "Tantine, uko wapi? Batoto wote banaenda. Asifiwe iko peke yake ku banc."

Nikaacha kubana pua. Nikasema, Madame, hakuna Tantine Solange. Ni mimi, mama Asifiwe. Niko Bukavu.

Nikafikiri simu imekata.

Halafu akasema polepole, "Maman Asifiwe. Mwaka muzima unaniambia tantine ni muntu. Leo unaniambia tantine ni weye. Sasa mimi niamini sauti gani?"

Nikasema nampa ruhusa amkabidhi mtu yeyote mwema. Akasema kwa simu hawezi, kwa sababu sauti ni sauti tu, na kwenye fishi hii sauti zote mbili zilishamdanganya. Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, na ningetukana juu.

Akaniuliza, isibo yenu inaongozwa na nani? Nikasema jirani yangu, wa mlango wa pili. Jina lake? Sijui. Namba yake? Sina. Wakuu, ukuta mmoja! Najua anaamka saa ngapi, najua redio yake inavyokwaruza, jina silijui.

Mwisho directrice alimtuma mlinzi wa shule aende kwa miguu kumtafuta.

Jirani alikuja. Alikuja mbio, amevaa kandambili za kuogea, hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Directrice akanipigia akaweka spika. Akamuuliza Asifiwe, unamujua huyu maman? Mwanangu akasema anamuona tu. Jirani akamwambia, "Asifiwe, ni miye wa mulango ya pili. Mama yako eko salama, kesho atarudia. Twende nyumbani."

"Hapana. Maman alikataza kwenda na bantu."

Nikapiga kelele kwenye simu, Asifiwe ni mimi, nenda naye! Nasikia hakutoka kwenye benchi. Directrice akamuuliza, kwa upole tu, sasa nyumbani kwenu bantu benu, watu wenu, ni nani, tubaite?

Nilisikia sauti yake ndogo, bila kulia, kama anajibu swali la darasani.

"Siye hatuna bantu."

Ile sentensi iliniingia mpaka sasa haijatoka. Mtoto hakuwa analalamika. Alikuwa anatoa taarifa niliyomfundisha mwenyewe.

Directrice akaamua hivi: mtoto atalala kwake, nyumba yake iko ndani ya uzio wa shule, na jirani atakaa naye kama shahidi wa isibo. Yule mama, ambaye mimi nilimfungia dirisha miaka miwili, akasema sawa. Alikuwa na watoto wake wawili nyumbani, akaagiza wakalale kwa mama mdogo wao. Aliongea hayo kwa sekunde chache. Ana mtu wa kumwagiza, unaona.

Usiku ule nililala kwenye depo ya mchele ya mteja, na wamama wengine waliokwama. Wao walikuwa wanapiga simu: fulani amekula? Mpe fulani uji. Zima jiko. Mimi nilishika simu zangu mbili, hakuna wa kuniuliza kitu. Sijawahi kuwa mpweke hivyo, na kulikuwa na watu kumi na moja chumbani.

Asubuhi walifungua. Nilivuka wa kwanza wa kwanza, nikachukua moto, nikafika shule watoto wako mapumziko.

Asifiwe alikuwa anaruka kamba. Sare imefuliwa na kupigwa pasi. Aliponiona alinikimbilia, akanishika kiuno. Nikamuomba msamaha. Akaniuliza kama anaweza kurudi, zamu yake inapita.

Directrice aliniita ofisini. Nilitegemea kufokewa. Alinisimulia habari ya chakula.

Jioni walipika ugali na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Asifiwe akakataa. Njaa inamuuma, inaonekana, macho yako kwenye sahani, na anatikisa kichwa. Maman alikataza. Directrice akambembeleza, wapi. Ndipo jirani akavuta sahani ya mtoto, akamwambia, "Angalia, miye njo naanza." Akamega, akala. Akachukua sambaza moja, akala. Akanywa kidogo kwenye kikombe chake cha maji. Akamsogezea, akangoja. Hakumwambia kula. Alikaa tu naye, muda mrefu, mpaka mtoto akanyoosha mkono.

Huku mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ni desturi ya kale. Lakini yeye alikuwa anamfanyia mtoto wa mtu aliyemshuku kwa sababu hiyo hiyo, na alijua. Hakuuliza hata mara moja kwa nini mtoto anaogopa.

Directrice akaweka fishi mpya mezani. Akaniambia nitarudisha nikishapata muntu, muntu wa kweli.

Jioni hiyo hiyo nilienda kugonga mlango wa pili. Mara yangu ya kwanza. Nilikuwa na trei ya mayai mkononi. Nikasema asante. Nikasema nisamehe. Nikasema, naomba nikuandike kwenye fishi ya Asifiwe, kama utakubali.

Akasema ndiyo, bila kufikiri.

Nikatoa kalamu, nikainamia karatasi, nikamuuliza: jina lako ni nani?

Akaniangalia. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Maman Asifiwe, kila mwezi niligonga kwako. Kila mara nilisema: ni miye Vestine. Hukusikiaka?"

Nilikuwa nasikia, wakuu. Kila mwezi nilisikia. Sikuwa na mpango wa kulishika.

Funzo ninalowaachia si refu. Tunafundisha watoto wamuogope kila mtu, tunaita usalama. Mtoto anahitaji pia watu, wawili watatu wanaojulikana kwa jina, na ni kazi ya mzazi kuwatafuta kabla siku mbaya haijafika. Mimi nilimlinda wangu mpaka akabaki peke yake kwenye benchi.

Sijabadilika sana, nisiwadanganye. Mkutano wa wazazi nimeenda mara mbili, nimekaa nyuma, sikuongea. Bado nyumba yangu iko kimya.

Niambieni na ninyi. Ukikwama leo mahali, nani anamchukua mwanao, na jina lake kamili unalijua? Hata wa kunitukana karibu, nitasoma zote taratibu. Muda ninao. Asifiwe hayupo hapa, yuko kwa Vestine anakula.