Mikwaruzo ya Ukutani

Ukuta wa korido ya kituo ulikuwa na mikwaruzo kwa kimo cha goti, na Mama Taratibu aliujua kila mmoja. Huu wa pacha wa kwanza. Ule mrefu wa pacha wa pili, siku alipomfukuza mwenzake.

Miaka tisa alikuwa akiwafundisha watoto wasioweza kutembea kuendesha viti vya umeme. Jina walimpa wao, maana kutwa nzima alisema "taratibu, taratibu," ilhali hasira zake mwenyewe zilikaa puani. Kanuni yake ilikuwa moja: mtoto akielekea ukutani, usimshike. Aguse, ashtuke, arudi nyuma.

"Dada yake alipojifunza kutembea hakuanguka?" aliwauliza wazazi. "Basi huyu naye mwacheni agonge."

Mkuu wa kituo, aliyetoka kuupaka ukuta rangi isiyoificha hata mikwaruzo ya zamani, hakutaka kusikia habari za kugonga. Akaleta fomu: mtoto aendeshe mbele yake kwa dakika tano; akishindwa, kiti kirudi stoo. Na huko stoo vilikuwapo sita, bado vimevikwa nailoni, ambavyo vilitolewa wageni wakija kupiga picha tu.

Zamu ya Chiriku ikafika. Alikuwa na miaka saba. Mwili wote ulimkaidi isipokuwa kidole gumba cha kushoto, na maneno yalimtoka moja moja, kama matone ya bomba bovu. Jina la Chiriku lilikuwa utani wa bibi yake. Siku ya kwanza Mama Taratibu alimuuliza, akishajua kuendesha atakwenda wapi. Jibu lilichukua karibu dakika nzima: "Nitaondoka... mkianza... kunisema."

Asubuhi ya mtihani, mkuu aliagiza sakafu ya darasa ing'arishwe. Msafishaji akakisogeza kiti pembeni, akapiga deki, akakirudisha. Chiriku akapakiwa na kufungwa mkanda.

"Haya mtoto, twende," alisema mkuu, jicho kwenye saa.

Kidole gumba kikasukuma kile kijiti cha kuendeshea. Kiti kimya. Kikasukuma tena. Taa ndogo ikapepesa.

"Ki..." alisema Chiriku.

"Ameogopa," alisema mkuu.

"Jikaze, mjukuu wangu, usinitie aibu," alisema bibi yake, aliyekuja kushuhudia.

"Kishi..."

"Taratibu, mwanangu," Mama Taratibu alimnong'oneza, naye akamkata kauli kama wenzake.

Mkuu aliandika huku akitamka: "Hana... uwezo... wa kuelewa... maelekezo."

Neno hilo lilimchoma Mama Taratibu kama sindano. Miezi mitano ya kidole kimoja, na mtu amemfuta mtoto kwa wino kabla hajamaliza neno!

"Nyamazeni!" alifoka, hata bibi akaruka. "Wote! Mtoto anaongea!"

Wakangoja. Ilikuwa aibu jinsi walivyohangaika kungoja. Mkuu alikohoa mara mbili.

"Kishikio," alisema Chiriku.

Mama Taratibu akapiga magoti. Kile kishikio chekundu nyuma ya gurudumu kilikuwa chini. Kikiwa chini, mota huyaachia magurudumu ili kiti kisukumwe kwa mkono. Hata uendeshe vipi, hakiendi. Msafishaji alikuwa amesahau kukipandisha. Naye mwalimu, aliyewafundisha watoto wote kuuliza habari za kishikio kabla ya kuondoka, hakuangalia.

Alikipandisha. "Kosa langu, Chiriku. Endesha."

Kile kiti cha kijani kikaondoka, kikayumba, kikagonga fremu ya mlango paa!

"Rangi yangu!" alilia mkuu. "Naandika: amegonga."

"Andika. Na uandike amerudi nyuma, akajipanga upya. Mwangalie!"

"Fomu haina nafasi ya hayo."

"Kuna pembeni. Na ile 'hana uwezo' ikate, uandike 'hatukumsikiliza'. Usipokata, wageni wakija nitawaonyesha stoo kwanza, wapige picha nailoni."

Bibi akaangua kicheko. "Kata, baba. Kalamu si unayo?"

Mkuu alikata, midomo ameibana, kisha akaanza kueleza kwamba hata hivyo, kwa maoni yake, mtoto wa namna hii...

"Yuko wapi?" bibi alidakia.

Walitazama mlangoni. Kiti kilikuwa kimeshapita korido nzima, kinakata kona ya uani, na mkwaruzo mpya, wa kijani, ulikuwa umekifuata ukutani mpaka mwisho.