Mto wa Vrbinka

Protus alikuwa bawabu huko Al-Murabba, Riyadh, lakini mama yake, kule Kakamega, aliamini mwanawe analinda kiwanda cha mbao katika kijiji cha Vrbinka, nchi ya Cheki. Mama alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatakanyaga Saudi, tangu kijana wa jirani arudishwe ndani ya sanduku. Basi Protus alisoma habari za kijiji hicho kwenye simu mpaka zikamkaa kichwani: kilima cha misonobari, kanisa lililochomwa wakati wa vita, na mto mdogo uliowahi kufurika ukabeba nyumba.

Ijumaa akapiga simu kutoka chumba chao cha wafanyakazi.

"Mto umefurika tena?" mama akauliza.

"Haujafurika, Mama."

"Asante Yesu! Jumapili mchungaji alitaka tuwaombee watoto wetu walioko Saudi. Nikasimama nikasema hao wangoje, kwanza huo mto unaotaka kunimalizia mwanangu. Kanisa zima likapiga magoti."

Kwenye godoro la pili Jackton, waliyebatizwa naye katika kanisa hilohilo, alikuwa akitetemeka kwa homa.