Mikono Nyuma

Wiki iliyopita nilipeleka safu yangu ya gazeti ikachapwe kwenye chumba cha kompyuta cha kikundi cha akina mama, hapa Masasi. Nilimkuta bibi mmoja wa kijiji cha Chilangala, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, akiitafuta herufi moja muda mrefu. Uvumilivu ukanishinda, nikanyoosha kidole nimsaidie.

"Shikamoo baba, lakini mikono nyuma!" mwalimu wao akanikemea. Yake alikuwa ameifunga mgongoni. "Hapa anayejua hambonyezei mwenzake."

Bibi akaipata herufi yake, akacheka. "Haya, kaa na wewe, mwanangu."

Safu ya leo nimeichapa mwenyewe, asubuhi nzima. Bibi alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, hata hakuguna. Miaka yangu yote ya shule, mikono ya walimu ilikuwa mbele, imeshika fimbo.

Shikamoo, bibi.