Barua ya Shosho wa Papua

Jumamosi iliyopita nilipata nduma nzuri, yale magimbi, hapa Harborne, mtaa wa Birmingham. Nikazichemsha, nikafungua dirisha mvuke utoke, na papo hapo nikajikuta nasubiri mtu abishe mlango wa nyuma. Rafiki yangu, mtu huyo alishafariki zamani. Kaa basi nikueleze, chai ipo.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa nesi katika hospitali kubwa ya karibu, na siku zake za kupumzika alichemsha nduma za chai kama kwao Nyeri, Kenya. Siku moja mama mzee wa nyumba ya pili akabisha, akaitazama sufuria, akauliza kwa Kiingereza, "Hizo umezitoa wapi?" Alikuwa mtu wa Papua, nchi iliyo kaskazini ya Australia, aliyeletwa Birmingham na mume Mwingereza ambaye sasa alikuwa marehemu. Kumbe hata kwao nduma ndiyo chakula! Alikula vipande vinne, halafu akalia. Mama akamwongezea chai. Tangu hapo akawa Shosho wetu, yaani bibi, kwa sababu mama hakutaka kusikia mtoto akimwita mtu mzima kwa jina.

Lugha yake ilinifurahisha kabla sijajua hata neno lake moja. Kwao walihesabu kwa mwili: unaanza na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, unapanda vidole, kifundo, kiwiko, bega, sikio, jicho, mpaka pua, kisha unateremka upande wa pili. Umri wangu, aliniambia, ulikuwa sikio. Na vitenzi vyao vilikuwa na mikia: mkia mmoja kama jambo umeliona mwenyewe, mwingine kama umesimuliwa tu. Mama aliposikia hayo alicheka akashika mbavu. "Jameni, hiyo lugha tuipeleke kanisani kwetu," akasema. "Umbea utaisha wiki moja."

Lakini Shosho alikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Mama yake alipofariki kule Papua, yeye hakwenda mazishini, maana mumewe alikuwa mahututi na hakuwa na wa kumwachia. Dada yake mdogo aliyebaki kijijini hakutaka kuelewa. Akanyamaza, mwaka baada ya mwaka. Dada huyo alijua lugha yao tu, lugha ya vijiji vitatu, na Shosho hakuwahi kuiona imeandikwa popote. Mjukuu wa dada alikuwa amesoma mjini na lugha hiyo hakuijua, lakini barua ya Kiingereza angeweza kumpa mzee wa kijijini aitafsiri. Shosho alikataa katakata. "Msamaha siombi kwa lugha ya shule," alisema. Alitaka dada asikie maneno yenyewe, hata kama mjukuu anayeyatamka hajui anasema nini. Shida ni kwamba mikono yake ilitetemeka, kalamu haikushikika.

"Huyu ataandika," mama akasema, akaninyooshea kidole.

Mimi! Mtoto niliyeongeleshwa Kiswahili nikajibu Kiingereza, niliyekalishwa mezani kila Jumamosi na ba be bi bo bu huku nikinuna. "But Mum, I can't even speak it!"

"Nani amekwambia uongee? Andika unachosikia."

Siku ya kwanza nilijaribu kuandika kwa tahajia ya Kiingereza, nilivyofundishwa shuleni. Niliposoma, Shosho akaniuliza kwa upole kama hicho ni Kifaransa. Tukarudi kwa silabi za mama, na aki ya nani, maneno yakakaa. Kulikuwa na sauti moja kati ya r na l iliyonitoa jasho, lakini mama, mtu wa Nyeri ambako r na l ni kitu kimoja, hakuona tatizo lolote. "Weka yoyote," akasema. Nyingine ilikwama kooni, tukaitilia kile kialama cha ng'ombe, ile koma ya juu.

Tuliandika majira yote ya baridi. Nikimaliza namsomea Shosho, naye anatikisa kichwa: huyo ni mgeni anaongea, anza upya. Nilichoka, nikalia, nikasema sitaki tena. Yeye hakubishana, alinisogezea tu karatasi nyingine. Hapo nami nikapata hasira ya kumaliza. Jumamosi moja nilisoma ukurasa mzima na Shosho, macho ameyafumba, akaanza kunijibu kwa lugha yao, mbio mbio, amesahau kabisa kwamba sielewi. Mama akaweka mwiko chini. Jumatatu tukaipeleka posta.

Jibu lilifika miezi mingi baadaye, Shosho akiwa amelazwa. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Kiingereza chote, kikamwachia lugha ya nyumbani, na wodi nzima hakuna aliyemwelewa. Nilifungua bahasha kando ya kitanda. Mjukuu alikuwa ameiga herufi zetu, mpaka kialama cha ng'ombe. Nikasoma polepole, naogopa kukosea. Katikati ya ukurasa Shosho akafumbua macho, akacheka huku machozi yanamtoka, akawa anajibu kila sentensi. Nilipomaliza akanigonga mkono nianze tena. Nilimsomea mara tatu, na mtu aliyenyimwa msamaha haombi kusomewa mara ya tatu. Alifariki wiki hiyohiyo.

Nilipokuwa mkubwa nilimwandikia yule mjukuu, nikamwuliza barua ilisema nini. Akajibu kwa Kiingereza kwamba bibi yake ameaga, wazee wengine walioijua lugha pia, na yeye alikuwa akiandika sauti tu, kama mimi. Iliniuma sana. Tangu wakati huo nimewaandikia watu wengine ambao huenda wanaijua lugha hiyo, na nitaendelea kuandika.

Barua ninayo. Kila baada ya muda naisoma kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi, nisije nikaisahau. Inaishia na jina la dada wa Shosho, na ndilo neno pekee ninaloelewa.