Niliandika slaidi za ubongo wa ng'ombe na biro

Wakuu, nakiri mapema: niliambiwa nitumie penseli, nikatumia biro. Nikaulizwa, nikasema penseli. Yaliyobaki ni ukweli mtupu, chekeni polepole.

Niko form three, Busia. Mum anafanya kazi kwa maabara ya mifugo. Kazi yake ni kukata nyama nyembamba kuliko karatasi na kuipaka rangi. Likizo alinibeba huko kwa sababu nyumbani nilikuwa nimefungua redio ikakataa kufungika.

Wiki hiyo waliletewa ubongo wa ng'ombe wawili kutoka upande wa Malaba. Mmoja wa Mzee Ekisa, mwingine wa jirani yake. Waliyumba kama wametoka kulewa busaa, wakafa.

Watu wakasema ni prioni, ile protini inajikunja vibaya na kutoboa ubongo mpaka unakuwa sponji. Hata ukichemsha haifi! Kijiji kikakataa maziwa ya Mzee. Ikiwa kweli, zizi lake lote linamalizwa.

Ubongo sikugusa, tulieni. Nilipewa slaidi tatu tupu, vile vioo vya darubini, niandike: A ya Mzee, B ya jirani, K ya kontroli, yaani kipande cha zamani kinachojulikana ni kigonjwa. Ukipaka rangi, K lazima itoke kahawia. A na B zikibaki bluu, ng'ombe walikuwa safi.

Penseli niliona ni mambo ya nasari. Nikashika biro. A nikaichorea pembe.

Kumbe kabla ya rangi slaidi zinaogeshwa kwa spiriti.

Kesho yake mum alitoka na slaidi tatu, uchi kabisa.

"Boss, uliandika hizi na nini?"

"Penseli, mum."

"Penseli gani inaogopa spiriti?"

Nikaficha biro mfukoni.

Kwa darubini, moja kahawia, mbili bluu. Nikaruka: "Si hiyo kahawia ndiyo K!"

"Na kama K ilikataa rangi, na hii ni ya Mzee?"

Mzee Ekisa alikuwa kwa benchi nje tangu asubuhi, kofia juu ya goti. Mum akanituma nikamwambie mwenyewe.

Mzee akaniangalia sana. "Kijana, ng'ombe wangu amekufa mara moja. Wewe umempoteza mara ya pili?"

Mum akakata vipande vipya, kazi yote kutoka mwanzo. Mimi nikaandika na penseli, herufi kubwa kama za kiosk.

K kahawia. A bluu. B bluu.

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kilichoua ng'ombe daktari bado anatafuta, lakini zizi linabaki.

Nilichojifunza: ukiulizwa, sema ukweli kabla spiriti haijakusemea. Nyinyi mmewahi kuharibu nini kazini kwa mzazi? Mwageni hapo chini, nisiaibike peke yangu.

Tukifunga maabara, mum alisema hivi, neno kwa neno:

"Kesho saa mbili uko hapa, na penseli. Na ukichora pembe tena, rangi nitakupaka wewe."